Blo-ofu ya gari la turbo: hewa imwagwe nje, irudishwe ndani, au igawanywe?

Ukiwa na Subaru Forester XT au Impreza WRX, ukaingia gereji na kusema unataka kubadilisha blo-ofu, yaani vali inayoachia hewa ya turbo unapoachia mafuta, mafundi watatu watakupa ushauri wa aina tatu. Wa kwanza atakwambia umwage hewa nje, gari lipumue. Wa pili atakuapia kwamba ukifanya hivyo umeua injini. Wa tatu atakushauri ununue ya midomo miwili. Kila mmoja ana gari fulani analolifikiria kichwani anapozungumza, na huenda gari hilo si lako.

Ulinganisho huu ni wa aliyekwama hapo. Nitaeleza kwanza vali inafanya nini, kisha mambo ya kupimia, halafu tuzipitie njia zote tatu kwa vipimo vilevile.

Vali inafanya nini

Turbo inazungushwa na moshi wa eksozi, na feni yake ya upande wa pili inasukuma hewa kwenda intakula (kipozea hewa), throto (mlango wa hewa wa injini), kisha injini. Ukikanyaga mafuta sawasawa, mhimili wake unazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Sasa achia mafuta ghafla ili uingize gia. Throto inafunga, lakini turbo bado iko kwenye mwendo na inaendelea kusukuma. Hewa iliyobanwa katikati haina pa kwenda, kwa hiyo inageuka na kurudi kwenye feni, nayo feni inaipiga tena. Ile sauti ya stu-stu-stu inatoka hapo. Turbo inapoteza kasi, na mhimili na beringi zake zinapigwa kila mara.

Blo-ofu inakaa kati ya turbo na throto. Juu yake kuna mpira mwembamba unaotoka kwenye manifodi, bomba linalogawa hewa kwa silinda, upande wa injini. Throto ikifunga, manifodi inakuwa na vakyumu (presha chini ya ile ya nje), vakyumu inaivuta diaframu (kiwambo chembamba) au pistoni dhidi ya springi, mlango unafunguka, hewa inatoka. Ubishi wote ni hewa hiyo iende wapi baada ya hapo.

Hakuna njia kati ya hizi tatu inayoongeza nguvu za injini. Vali inafunguka wakati umeachia mafuta, yaani wakati huhitaji nguvu. Vali mpya itakurudishia nguvu kama ile ya zamani ilikuwa inavuja wakati wa presha, basi.

Na kama gari lako ni Prado au Hilux ya dizeli, huna haja ya kuendelea kuumiza kichwa. Dizeli haipunguzi nguvu kwa kuibania injini hewa, inapunguza kwa kupunguza mafuta inayochoma. Presha hainaswi nyuma ya throto kama kwenye petroli. Vifaa vya blo-ofu vinavyouzwa kwa ajili ya dizeli ni vya mlio tu, vinamwaga hewa ambayo haikuhitaji kumwagwa.

Mambo ya kupimia

La kwanza, na ndilo zito kuliko yote, ni jinsi gari lako linavyopima hewa. Magari mengi yana sensa ya MAF, inayopima kiasi cha hewa inayoingia, baada ya boksi la chujio la hewa, kabla ya turbo. Ni kama karani anayekaa kwenye mlango wa ghala: kila gunia linaloingia analiandika, na kontroli boksi (kompyuta ya injini) inatoa mafuta kwa kufuata daftari lake. Ukimwaga hewa nje baada ya turbo, umetoa magunia kwa dirisha la nyuma. Daftari halijui. Injini inapewa mafuta ya hewa ambayo haipo, na kwa muda mfupi mchanganyiko unakuwa mzito kupita kiasi.

Magari mengine hayana karani huyo. Yanatumia sensa ya presha, MAP, kwenye manifodi, yakisoma hewa iliyopo pale pale mbele ya silinda. Hewa iliyomwagwa nje kabla ya throto haikuwahi kuhesabiwa, kwa hiyo hakuna deni.

Kwa mifano: Subaru za injini ya EJ zenye turbo, Mitsubishi Evo, Nissan zenye SR20DET, RB25DET na RB26DETT, zote zinahesabu hewa kabla ya turbo. Starlet Glanza yenye 4E-FTE inatumia MAP. Supra JZA80 ya soko la Japani, ambayo ndiyo tunayoiona zaidi huku, inatumia MAP, wakati zile zilizouzwa Marekani na Uingereza zilikuwa na MAF. Mwenye Subaru aangalie vizuri hapa: nyingi zina sensa ya presha pia, lakini ni kwa ajili ya kusimamia turbo. Mafuta yanahesabiwa kwa MAF. Kuona MAP kwenye manifodi kusikudanganye.

La pili ni tabia ya gari kwenye foleni na kwenye kipilefti. La tatu ni vumbi, na sisi tunaoendesha nusu lami nusu murram hatuwezi kuliruka. La nne ni mlio. La tano ni ufungaji, gharama na ukaguzi.

Njia ya kwanza: kurudisha hewa ndani

Hii ndiyo njia ya kiwandani karibu kwenye kila gari la turbo la petroli. Kwenye Subaru ya EJ vali imefungwa juu ya intakula kwa bolti mbili, na mpira mnene unashuka kutoka kwake kwenda kwenye bomba la kuingizia hewa, kabla ya turbo.

*Hesabu ya hewa.* Haina tatizo lolote. Hewa iliyohesabiwa inarudi baada ya sensa na kusubiri zamu yake. Daftari na ghala vinalingana, iwe MAF au MAP.

*Mjini.* Gari linatulia. Unaachia mafuta, unaingiza gia, unakanyaga tena, hakuna kusita. Wapo wanaosema hewa inayorudi inaisaidia turbo isipoteze kasi. Kwa nadharia kuna ukweli, ila barabarani sijaona dereva wa kawaida anayeweza kuuhisi.

*Vumbi.* Hapa ndipo inaposhinda kimyakimya. Hata vali ikifunguka kidogo wakati gari limesimama na injini inanguruma yenyewe, kitakachovutwa ni hewa iliyokwishapita kwenye chujio. Vumbi la Naivasha au la barabara ya kijijini halina mlango.

*Mlio.* Mdogo, unasikika kwa madirisha wazi kama pumzi ndefu. Ukifunga chujio la wazi la koni utausikia zaidi, maana hewa inayorudi inagonga chujio na sauti inatoka. Ila kwenye Subaru chujio la koni linabadilisha usomaji wa MAF, kwa hiyo linadai tyuni (kupangwa upya kwa hesabu ya mafuta kwenye kontroli boksi), na kwenye vumbi si zuri kama boksi la kiwandani. Usikwepe tatizo moja ukaangukia jingine.

*Gharama na ufungaji.* Kama iliyopo ni nzima, ni sifuri. Udhaifu wake ni umri. Vali nyingi za kiwandani zina diaframu ya mpira, na mpira unachoka kwa joto na mvuke wa mafuta. Volkswagen na Audi za 2.0 TFSI za mwanzo zilijulikana kwa kupasuka diaframu, hadi mtengenezaji akazileta za pistoni. Kupima ile ya aina ya Bosch inayotumia vakyumu ni kazi ya dakika mbili: itoe, sukuma mlango wake kwa kidole hadi ufunguke, ziba kwa kidole kingine kichuchu cha mpira mwembamba, kisha achia mlango. Ukibaki umefunguka, diaframu ni nzima. Ukirudi wenyewe, imepasuka. Ipo pia ya kurudisha yenye mwili wa alumini na pistoni, ambayo ni uwekezaji wa maana kwa aliyepandisha presha ya turbo, mradi akumbuke kuisafisha na kuilainisha.

*Inamfaa* mwenye gari la MAF ambalo halijatyuniwa, anayeliendesha kila siku, na yeyote anayekaa kwenye vumbi.

Njia ya pili: kumwaga nje

Vali inafungwa mahali palepale, lakini mdomo wake unatazama nje. Bomba la zamani la kurudishia linazibwa.

*Hesabu ya hewa.* Kwenye gari la MAP, hakuna shida, na ni haki kulisema wazi, kwa sababu wengi wanatishwa bure. Mwenye Glanza anaweza kumwaga nje na injini isijue. Kwenye gari la MAF, kila ukiachia mafuta kunakuwa na pigo la mafuta mengi. Utaona moshi mweusi kidogo nyuma, utasikia mlipuko kwenye eksozi, na wakati mwingine gari linamisi unapokanyaga tena. Je, injini itakufa? Hapana, pigo moja la mafuta mengi haliui. Kinachoumia ni vitu vya pembeni, taratibu: plagi zinakuwa nyeusi kwa masizi makavu, na masega ya eksozi (katalisti) yanapata joto la mafuta yanayowakia humo. Kwenye Subaru plagi ziko ubavuni, zimebanana na chesisi, na fundi ataitaka hela yake kila mara.

Kuna njia mbili za kulitatua. Moja ni kubadilisha hesabu yenyewe: fundi wa tyuni anaweza kuiweka Subaru isome presha badala ya MAF, ikafanana na gari la MAP. Nyingine ni kuihamisha MAF hadi baada ya vali, karibu na throto, hewa ihesabiwe ikiwa tayari imepungua. Zote mbili zinahitaji tyuni ya kweli barabarani au kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu ya gari). Kuziba waya au kufuta taa ya cheki injini hakujatatua kitu.

*Mjini.* Kwa gari la MAF lisilotyuniwa, hatari niliyo nayo moyoni ni moja: umetoka kwenye mwendo, unaachia mafuta kuingia kipilefti, unakanyaga klachi, mzunguko wa injini unashuka huku mchanganyiko ni mzito, na gari linazima. Usukani unakuwa mzito na breki zinapoteza msaada wake ukiwa katikati ya magari. Si kila gari linafanya hivyo, na springi nzuri inapunguza, lakini ukiona limekuzimia hata mara moja rudisha vali ya zamani kwanza, mengine baadaye.

*Vumbi.* Hapa ndipo springi inapoamua kila kitu. Gari likisimama na injini ikinguruma yenyewe, manifodi ina vakyumu kubwa. Springi ikiwa laini, vakyumu inafungua vali, na kwa sababu hakuna presha ya turbo wakati huo, injini inavuta hewa kupitia mdomo ulio wazi. Hewa hiyo haijachujwa na haijahesabiwa. Kwenye gari la MAF injini inayumba, na vumbi linaingia moja kwa moja hadi kwenye silinda.

Pima hivi: washa gari, lipate joto, liache lingurume lenyewe. Chukua kipande cha karatasi nyepesi ukisogeze kwenye mdomo wa vali. Kikivutwa, kaza springi au weka ngumu zaidi hadi kiache kuvutwa. Usikaze kupita hapo, maana vali itachelewa kufunguka na ile stu-stu-stu itarudi.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Kinachovuta springi ni tofauti kati ya hewa ya nje na presha ndani ya manifodi. Usawa wa bahari hewa ya nje ni takribani bar 1.01, Nairobi, karibu mita 1,800 juu, ni takribani bar 0.82. Ndani ya manifodi injini ikinguruma presha ni karibu ileile kote kuwili, tuseme bar 0.33. Kwa hiyo Nairobi nguvu inayovuta vali inapungua kwa zaidi ya robo kidogo. Springi uliyoiweka Nairobi ikaonekana safi, ukishuka Mombasa inaweza kufunguka gari likiwa kwenye foleni ya Changamwe. Anayesafiri kati ya nyanda za juu na pwani apime pwani. Arusha na Dar ni habari hiyohiyo.

Usafi pia. Mvuke wa mafuta ya injini unaingizwa kwenye bomba la turbo, kwa hiyo hewa inayomwagwa ina unyevu wa oili. Kwenye mdomo wa vali inayomwaga nje utakuta utando wa tope jeusi, oili na vumbi pamoja. Likifika kwenye pistoni ya vali, inakwama nusu wazi na gari linakosa presha. Fungua, safisha, paka mafuta membamba ya kulainisha, kila unapobadilisha oili.

*Mlio.* Mkubwa, na kwa wengi ndiyo sababu yote. Sioni aibu ndani yake. Anayelipenda gari lake ana haki ya kupenda sauti yake. Lakini majirani saa tano usiku wana haki pia, na Kenya kuna kanuni za kelele ambazo NEMA, mamlaka ya mazingira, inazisimamia.

*Gharama na ufungaji.* Kuifunga ni rahisi, ndiyo maana zinauzwa sana. Tatizo ni feki. HKS SSQV imeigwa pengine kuliko vali nyingine yoyote, na nakala zake zinafanana kwa macho. Tofauti utaiona kwenye presha: mlango hauzibi sawasawa na turbo inapoteza hewa ukikanyaga. Kama mfuko hauruhusu orijino, mtumba safi kutoka Japani ni bora kuliko feki mpya.

*Inamfaa* mwenye gari la MAP, aliyekwisha kutyuni bila MAF, au mwenye gari la mashindano ambalo halikai kwenye foleni.

Njia ya tatu: midomo miwili

Vali hizi zinarudisha sehemu ya hewa na kumwaga sehemu. Watengenezaji kama Turbosmart na GFB wa Australia wanazo, na baadhi unaweza kuchagua kiasi cha kugawa.

*Hesabu ya hewa.* Deni linapungua, haliishi. Gari la MAF bado litapata mafuta ya ziada, ila kidogo. Mengi yanavumilia bila taa kuwaka. Mengine, hasa yenye chujio la koni lisilotyuniwa, bado yatalalamika.

*Mjini.* Karibu na la kiwandani. Kuzima ni nadra.

*Vumbi.* Inategemea muundo. Zile ambazo mdomo wa kurudisha unafunguka kwanza na wa nje baadaye ni salama, kwa sababu gari likisimama na injini ikinguruma yenyewe kinachofunguka kidogo ni upande wa ndani. Uliza kabla ya kununua. Jaribio la karatasi linafanya kazi hapa pia.

*Mlio.* Upo, mfupi zaidi.

*Gharama na ufungaji.* Kwa kawaida ni ghali kuliko nyingine mbili, na ina sehemu nyingi za kusafisha. Faida yake kubwa kwangu ni kwamba zile za kurekebishika unaweza kuzifunga upande wa nje kabisa ukienda safari ya vumbi au ukaguzi, kisha ukazirudisha.

*Inamfaa* anayetaka mlio kiasi kwenye gari la MAF la kila siku, aliye tayari kulipa na kufuatilia.

Wapo pia wanaoziba vali kabisa wapate stu-stu-stu. Siiweki kama njia ya nne. Kwenye presha ndogo turbo inaweza kuvumilia muda mrefu, lakini unailipisha beringi bei ya sauti, na turbo ya kubadilisha haipatikani kwa urahisi.

Kwa hali yako

Gari la MAF, tyuni ya kiwandani, kazini na nyumbani kila siku: baki na kurudisha. Kama vali imechoka, nunua ya kiwandani au ya pistoni inayorudisha.

Gari lilelile, lakini moyo unataka mlio: midomo miwili, anza kwa kumwaga kidogo, endesha wiki kadhaa, toa plagi moja uitazame rangi. Ikiwa kahawia hafifu, sawa. Ikiwa nyeusi kwa masizi, punguza.

Gari la MAP: chagua unachopenda, ila fanya jaribio la karatasi, na ukiishi kwenye murram fikiria kurudisha hata kama injini haikulazimishi.

Golf GTI na ndugu zake ambazo vali yake ni ya umeme, imefungwa kwenye turbo yenyewe: usifanye jambo kabla ya kujua injini yako ni ipi. Kuna vipande vya kuweka katikati vinavyoruhusu kumwaga nje bila kuondoa vali ya kiwandani, na ni rahisi kuvitoa visipokufaa.

Umepandisha presha na una fundi wa tyuni unayemwamini: mwambie kabla hajaanza kwamba unataka kumwaga nje, ili apange hesabu ya hewa kwa ajili hiyo. Ukimwambia mwishoni, unalipa tyuni mara mbili.

Unanunua gari ambalo tayari linamwaga nje: muulize muuzaji vali ya kiwandani iko wapi, iwe sehemu ya bei. Kisha fuata lile bomba la kuingizia hewa, kati ya boksi la chujio na turbo, utafute mdomo wa zamani wa kurudishia. Mara nyingi utaukuta umezibwa kwa kipande cha mpira na klipu iliyolegea. Kaza klipu hiyo au weka kizibo kipya siku hiyohiyo, kabla hujaliingiza gari kwenye barabara ya vumbi, kwa sababu hewa inayopita hapo haikupitia kwenye chujio wala kwenye sensa.